Milima Haikutani: Istilahi za Muziki wa Kijerumani katika Tafsiri ya Kiingereza

Wahenga walinena kuwa milima haikutani, bali binadamu hukutana. Lugha nazo hukutana, na mfasiri ndiye anayezikutanisha. Hata hivyo, zipo nyanja ambamo mkutano huo umekuwa wa kupungiana mikono kwa mbali tu. Mojawapo ni ile ya istilahi za muziki wa Kijerumani zinazoibua hali na maisha ya milima ya Alpi. Istilahi hizo zimefasiriwa kwa Kiingereza katika vitabu vya muziki, katika majalada ya santuri na katika vijitabu vya matamasha. Makala haya yanashikilia kuwa tafsiri nyingi kati ya hizo zimeuhifadhi mlima kama picha, zikawasahau watu na mifugo walioupa mlima huo sauti.

Mfano mwafaka ni utunzi wa Richard Strauss uitwao "Eine Alpensinfonie", uliokamilishwa na kupigwa kwa mara ya kwanza jijini Berlin mwaka wa 1915. Utunzi huo una sehemu 22 zinazofuatana bila kukatizwa, kila moja ikiwa na kichwa chake. Msikilizaji huanza safari usiku, akaona macheo, akapanda hadi kileleni, akakumbwa na tufani wakati wa kushuka, kisha usiku ukaingia tena. Vichwa kadhaa havimtatizi mfasiri. "Nacht" ni "Night", na "Sonnenaufgang" ni "Sunrise".

Utata unajitokeza mpandaji anapofika "Auf der Alm", kichwa ambacho kwa kawaida hufasiriwa "On the Alpine Pasture". Katika Bavaria na Austria, "Alm" si nyasi tu. Ni malisho ya juu ambako mifugo hupelekwa majira ya joto na kuteremshwa bondeni kabla ya theluji. Ni kibanda cha mchungaji, maziwa yanayokamuliwa hapo na jibini inayotengenezwa humo. Neno hilo moja limebeba mahali, msimu na kazi. Neno "pasture" limebeba nyasi pekee, na kivumishi "Alpine" kinachobandikwa ili kuziba pengo huleta taswira ya kadi ya posta. Mtalii amefika, mchungaji ametoweka.

Katika sehemu hiyohiyo Strauss anadai sauti anayoiita "Herdengeläute". Kiingereza husema "cowbells". Tofauti iliyopo hapa si ndogo. Neno la Kijerumani linataja mlio, tena mlio wa kundi zima lililotawanyika malishoni. Neno la Kiingereza linataja kifaa. Isitoshe, Kiingereza hutumia neno hilohilo kwa kengele isiyo na ulimi ndani, inayogongwa kwa kijiti katika muziki wa dansi wa Amerika ya Kilatini. Mpigaji asiyeelezwa zaidi anaweza kuijua ala asijue sauti inayotakiwa.

Kosa kubwa zaidi limo katika sehemu ya mwisho ila moja, "Ausklang". Neno hili limeundwa kutokana na "Klang", yaani sauti, na kiambishi kinachoashiria kwisha au kutoka. Ni sauti inayofifia taratibu hadi kumalizika. Wapo wanaolifasiri "Epilogue", na wapo wanaosema "Quiet Settles". Tafsiri ya kwanza inapotosha, kwa sababu baada ya "Ausklang" usiku bado unakuja. Ya pili ina uzuri wake, lakini inataja kimya kinachoingia pale ambapo Kijerumani kinataja sauti inayoondoka. Anayengoja kimya hasikilizi sawasawa na anayesindikiza sauti.

Huenda msomaji akauliza: kwa nini istilahi hizi zisiachwe katika Kijerumani chake, kama "allegro" ilivyoachwa katika Kiitaliano? Swali hili lina mashiko. Kiingereza kimekopa "alphorn", yaani baragumu ndefu ya mbao ya wachungaji, na "Ländler", ngoma ya mashambani yenye mapigo matatu. Mikopo hiyo haina lawama, kwani vitu vyenyewe havikuwepo Uingereza. Hata hivyo, "allegro" ni agizo ambalo wanamuziki wamelizoea, ilhali "Ausklang" ni neno ambalo mtunzi alimwandikia msikilizaji alielewe. Likiachwa bila kufasiriwa, msikilizaji huyo amefungiwa mlango.

Pingamizi nyingine inatokana na Gustav Mahler mwenyewe. Katika Simfonia yake ya Sita, iliyopigwa mara ya kwanza mjini Essen mwaka wa 1906, alitumia "Herdenglocken", kengele za kundi. Aliagiza zipigwe kwa namna ya kuiga kundi linalolisha mbali, lakini akaonya kuwa agizo hilo ni la kiufundi na lisichukuliwe kuwa maelezo ya kisa. Je, basi mfasiri hana haja ya kujali mandhari? La hasha. Onyo la Mahler linamtaka mfasiri asiongeze picha ambayo mtunzi hakuichora. Halimruhusu kulipuuza kundi lililotajwa.

Historia inathibitisha kuwa jambo hili halihusu madoido. Mwaka wa 1688, Johannes Hofer wa Basel alitaka kulieleza kitaalamu neno la Kijerumani "Heimweh", uchungu wa kutamani nyumbani. Akaunda kwa mizizi ya Kigiriki neno "nostalgia", ambalo leo limeenea duniani. Mwaka wa 1768 naye Jean-Jacques Rousseau akaandika kuwa wimbo wa kuitia ng'ombe, "Kuhreihen", ulipigwa marufuku miongoni mwa askari wa Uswisi walioajiriwa ugenini, kwa kuwa uliwaliza na kuwafanya watoroke. Askari hao hawakulilia mandhari. Walililia kazi, mifugo na watu wao.

Mtaalamu wa Kiswahili ana funzo hapa. Akizifasiri istilahi hizi kwa kupitia Kiingereza, atarithi kila pengo lililotajwa: "Ausklang" itakuwa "Hitimisho", na "Herdengeläute" itakuwa "kengele za ng'ombe". Akirejea lugha chanzi, Kiswahili kinampa "Sauti Yafifia" na "mlio wa kengele za kundi", ambazo zinaikaribia asili kuliko Kiingereza. Kwa hivyo, mfasiri na ajiulize kwanza ni nani anayeishi ndani ya neno, kisha ndipo alitafutie kisawe. Mlima usio na mchungaji hauna kengele ya kusikilizwa.