Leza ya Theluji Ina Kazi Uwemba

Wanafunzi wenzangu, kwenye nchi za baridi kali kuna watu wanapima theluji ya kando ya barabara kwa skana ya leza ya bei nafuu iliyofungwa juu ya gari. Gari linapita kabla theluji haijaanguka, linapita tena ikishalundikana, halafu kompyuta inatoa tofauti. Kinachobaki ndiyo theluji yenyewe.

Utaniuliza, sisi Njombe theluji tunaitoa wapi? Baridi tunayo, na jalidi ya Juni na Julai inaunguza viazi, ila theluji hapana. Tope je? Mvua ikianza Novemba, ukiacha lami na kuingia vijijini Uwemba, kingo zinaporomoka, udongo unajaza mtaro, maji yanakosa njia na kupita katikati ya barabara. Hapo ndipo fuso la viazi la kwenda Makambako linakwama, na nyuma yake mama mjamzito yuko kwenye bodaboda anasubiri.

Hesabu ni ileile. Pita na skana Oktoba, pita tena Januari, toa. Kinachobaki ni udongo ulioingia mtaroni: uko wapi, una kina gani. TARURA, iliyoanzishwa 2017 kusimamia barabara hizi, ingejua greda lianzie wapi kabla barabara haijakatika. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo watakaosema pesa hiyo inunue dizeli ya greda. Nawaelewa, dizeli ni muhimu. Lakini greda lisilo na taarifa litachonga hata palipo pazima, huku pabovu pakisubiri.

Leza nayo ina mipaka yake. Ukungu wetu wa asubuhi unairudisha kabla haijagusa ardhi, maji yaliyotuama yanaivuruga, majani marefu yanaficha mtaro. Kwa hiyo fyeka kwanza, pima mchana ukungu ukishaondoka, na hakikisha sehemu chache kwa rula na jembe.

Tusiseme hili ni la maprofesa. Kuanzia 2015, kwenye mradi wa Ramani Huria, wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Dar es Salaam waliingia mitaani kuchora maeneo ya Dar yanayofurika. Hawakusubiri joho.

Ninyi wa uhandisi, jiomatiki na kompyuta, mbona projekti za mwaka wa mwisho zinaishia kabatini? Serikali yetu ya wanafunzi iombe chuo skana moja, tuifunge kwenye pikapu, na majibu yabandikwe ofisi ya kijiji, siyo maktaba tu. Mwenye barabara ayaone kwanza.