Safari kwa Majira: Garissa Huendwa Lini?

Sisi watu wa pwani tulijua kusafiri kwa majira tangu zamani, kabla vijitabu vya utalii havijaanza kuchapwa. Kaskazi ilipovuma Desemba, vyombo vilishuka kutoka Arabuni na Ghuba vikatia nanga Lamu, Mombasa na Unguja. Kusi ilipoingia Aprili, manahodha walitweka matanga wakarejea kwao. Na Kusi ilipochachamaa, Juni na Julai, bahari ilifungwa, na nahodha mwenye akili hakukitoa chombo chake bandarini. Hakuna aliyeuliza mji upi ni mzuri zaidi. Swali lilikuwa moja tu: upepo wa sasa waelekea wapi?

Leo swali hilo limerudi kwa sura nyingine. Mashirika ya safari hutupangia mwaka mzima: mwisho wa Machi nenda Japani miti ichanuapo maua, Julai nenda Ulaya kuna joto, Agosti nenda Masai Mara ukawaone nyumbu wakivuka mto. Si maneno ya uongo. Lakini ukiyasoma vizuri utaona yameandikwa kwa ajili ya raha ya mgeni peke yake. Mwenyeji hatajwi, wala hatuambiwi miezi hiyo yeye yu katika hali gani.

Garissa haimo katika orodha hizo. Ikitajwa, hutajwa katika ilani za tahadhari, na sababu zajulikana. Kaskazini Mashariki iliishi chini ya sheria za hali ya hatari tangu Desemba 1963 hadi 1991, na tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Msafiri asipuuze habari za usalama, hasa akitaka kukaribia mpaka wa Somalia. Hata hivyo watu wa pwani hawajaacha kwenda: kwa biashara ya mifugo, kwa harusi, kwa maziko, kwa kuzuru jamaa. Basi yafaa tuulize sawasawa: Garissa huendwa lini?

MAJIRA MANNE

Waberi ni wadi katika mji wa Garissa. Neno waaberi kwa Kisomali maana yake ni alfajiri, na hakika hiyo ndiyo saa nzuri ya kuutembea mtaa huo, kabla jua halijapanda. Nimelala Waberi mwezi wa Februari, na nimelala Waberi mwezi wa Julai. Lau ningeambiwa ni miji miwili mbali mbali ningesadiki. Februari hata godoro lilikuwa la moto, na watu walitoa vitanda uani. Julai upepo ulivuma usiku kucha nikajifunika shuka.

Wasomali huugawa mwaka mara nne. Jilaal ni kiangazi kikali, Januari hadi Machi. Gu ni mvua kubwa, Aprili hadi Juni. Hagaa ni wakati wa ukavu na upepo, Julai hadi Septemba. Deyr ni mvua ndogo, Oktoba hadi Desemba. Msomaji wa pwani ataona mara moja kwamba hawa ni ndugu wa Kaskazi, masika, Kusi na vuli. Hata mwaka wao wa jua, unaofunguliwa kwa kuwasha moto katika sherehe iitwayo dabshid, huingia karibu na Siku ya Mwaka yetu, ile ambayo Makunduchi huadhimishwa kwa Mwaka Kogwa mwezi wa Julai.

Tofauti ni kipimo. Mombasa hupata kiasi cha milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Garissa kiasi cha 300. Mvua ikichelewa Mombasa twalalamika joto. Ikichelewa Garissa, mali ya mtu hufa.

Kwa hivyo mgeni aendaye mwisho wa Jilaal humkuta mwenyeji katika dhiki. Ngamia wako mbali, maziwa ni haba, ng'ombe wamekonda. Naye mwenyeji, kwa heshima ya mgeni, atachinja tu, huku akijua kwamba aliyemchinja hana badala. Lakini nenda mvua zikiisha kunyesha, yaani mwisho wa Desemba hadi mapema Januari, au tangu mwisho wa Juni hadi Agosti. Hapo maziwa ya ngamia yamejaa, nyama ina mafuta, nyirinyiri imetiwa samlini, na harusi hazihesabiki. Miezi hiyo ya Hagaa ndiyo pia yafaa kwa atakaye kuwaona twiga wa Bour-Algi, nje kidogo ya mji, au kushuka hadi Ishaqbini, hifadhi iliyoanzishwa na wananchi mwaka 2007 ili kumnusuru hirola, paa ambaye duniani kote idadi yake haifikii 500. Wakati wa mvua, njia za Ijara hugeuka tope.

MTO UNA KALENDA YAKE

Asidhani mtu kwamba akiisha kuijua mvua ya Garissa amejua yote. Mto Tana hauzaliwi Garissa. Maji yake yatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, yapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, ndipo yashuke nyikani. Yawezekana mbingu ya Waberi iwe nyeupe kabisa, nayo maji yafurike njiani. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara kuu ya Nairobi upande wa Madogo, ng'ambo tu ya daraja la Garissa. Aprili 2024 ilikatika tena. Basi lililojaa abiria lilinaswa na maji, na abiria wake wakaokolewa. Mwezi huo huo mashua iliyokuwa ikivusha watu ilizama, na roho zikapotea. Kwa hiyo Aprili, Mei na Novemba, anayepanga safari na aulize kwanza habari za bara, si za Garissa peke yake.

HESABU YA MWEZI

Nasi Waislamu tuna hesabu nyingine juu ya hizo. Mwaka wa mwezi hurudi nyuma kiasi cha siku 11, ukazunguka majira yote kwa miaka ipatayo 33. Ramadhani ya mwaka 2024 iliingia Machi, ya 2026 Februari. Zote mbili zikaangukia ndani ya Jilaal, saumu ikakutana na joto kali. Miaka ijayo itasogea hadi kwenye mvua za Deyr. Basi mtu asiseme, mimi huenda Garissa kila Shaabani, kwa maana Shaabani ya mwaka huu si majira ya Shaabani ya miaka kumi iliyopita. Vivyo hivyo biashara: Iddi ya kuchinja ikikaribia, bei ya mbuzi hupanda, ije kiangazi ije masika.

Na zipo safari ambazo mja hazichagulii wakati. Hija ya mwaka 2024 iliangukia Juni. Joto la Makka likapita digrii 50, na serikali ya Saudi Arabia ikatangaza kwamba mahujaji zaidi ya 1,300 walifariki. Hapo hapana kuchagua majira. Kuna kujiandaa tu, kwa maji, kivuli na vibali halali.

NANI MWENYE HIARI?

Mpaka hapa nimesema na mwenye nauli mfukoni. Lakini bingwa wa kuchagua pa kwenda kwa majira si yeye, ni mfugaji. Kabla ya kuhama yeye hutuma watu wa sahan, yaani wapelelezi wa malisho, waone majani yameota wapi na kisima gani kina maji. Jilaal hushuka Tana kupitia malka, njia zile za mifugo kufikia mto. Mvua ikinyesha hurudi nyika. Elimu hii haikuandikwa, lakini imelisha vizazi.

Sasa kalenda yake imevunjika. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kunyesha sawasawa, mmoja baada ya mwingine. Katika Kenya mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa. Kisha, Novemba 2023, maji yakaja yote kwa pamoja. Sahan itapeleleza nini, ikiwa pande zote ni vumbi? Na hata mahali palipo na maji, malka nyingine zimezibwa kwa mashamba na nyua. Huko chini, Tana Delta, mapigano ya mwaka 2012 na 2013 yaliua watu zaidi ya mia moja, na ugomvi wa malisho na maji ulikuwa miongoni mwa sababu zake.

Hapa ndipo ionekanapo tofauti ya wasafiri wawili. Mgeni akikuta barabara imekatika huahirisha safari, akapoteza nauli. Mfugaji akikuta malka imefungwa hana la kuahirisha. Ng'ombe hawangoji mwezi ujao. Kwa maoni yangu, kazi ya kwanza ya wenye mamlaka Garissa na Tana River si kutangaza vivutio. Ni kuipima mipaka ya malka na kuiweka wazi, na kuinua barabara ya Madogo wakati wa ukavu, kabla mawingu hayajajikusanya. Njia ikiwa wazi kwa ngamia, itakuwa wazi kwa mgeni pia.

Na wewe ndugu msomaji, ukipanga kwenda, usitazame kalenda ya ukutani peke yake. Mpigie simu mwenyeji wako umwulize mambo matatu: mvua imenyesha? mto u vipi? mifugo i wapi? Akikujibu kwamba hali ni ngumu nawe safari huwezi kuiacha, nenda na posho yako, ununue mbuzi sokoni kwa bei yake, usingoje kuchinjiwa. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mwenyeji afilisike.