Jicho la angani na mikoko yetu



Baada ya darsa ya kina mama juzi, mmoja wao aliniuliza: "Shekhe, ni kweli vyombo vya angani vinaiona mikoko yetu ikifa?"

Ni kweli, japo si yote. Tangu mwaka 1972 setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikiipiga picha ardhi, na tangu 2008 picha hizo hutolewa bure kwa yeyote azitakaye. Jani lenye siha humeza mwanga mwekundu na kurudisha kwa wingi mwanga mwingine ambao macho yetu hayauoni; jani gonjwa hurudisha kidogo. Chombo hupima yote mawili, na mwaka hulinganishwa na mwaka.

Mtakumbuka mvua za El Niño za 1997 na 1998. Udongo wa bara ulisombwa hadi hori la Mwache, Mombasa, ukaifukia mizizi ambayo mikoko huvutia pumzi, nayo ikafa imesimama. Msiba wa namna hiyo huonekana angani: palipokuwa kijani huwa tope, na picha za miaka ifuatayo huonyesha wapi miti imerudi na wapi haikurudi. (Ni sharti mpimaji awe mwangalifu. Picha ya maji kujaa si sawa na ya maji kupwa, na mawingu ya kwetu mnayajua.)

Lakini kuna wizi usioonekana kwa urahisi. Mkata miti akichagua boriti zilizonyooka na kuacha zilizopinda, matawi yaliyobaki hutanuka yakaziba pengo. Landsat husoma mraba wa mita 30 kwa 30 kama doa moja. Kwake msitu ni mzima, kumbe hauna tena mti wa kuezekea nyumba. Kwa hiyo hata Gazi, kule Kwale, ambako mradi wa Mikoko Pamoja huuza hewa ya kaboni, miti hupimwa kwa mkono, shina kwa shina.

Nilimwambia mama yule kwamba wao waendao kutafuta kaa na kuni wangefaa kuandika daftarini: tarehe, mahali, boriti ngapi zimekatwa. Akanijibu kwa upole kwamba hayo wanayajua miaka yote, ila hakuna aliyewahi kuwauliza.