Vyuma vya Zamani Visiuzwe Ovyo

Bwenini kwetu wako wanaosema mashine kuukuu ni fedha iliyolala: ipimwe kwa kilo, iuzwe. Mimi, mtoto wa Geita, sikubali hata kidogo. Mgodi wa zamani wa kwetu ulifungwa mwaka 1966. Je, mashine za kusagia mawe za siku zile mtoto wa leo atazionea wapi? Na winchi za kale za bandari ya Mwanza, iliyofikiwa na reli mwaka 1928?

Hunijibu kwamba vyuma hivyo ni vya wakoloni. Haya, na jasho lilikuwa la nani? Walioshuka shimoni ni babu zetu.

Tazameni meli Liemba ya Ziwa Tanganyika: iliundwa Ujerumani mwaka 1913, ikazamishwa 1916, ikaopolewa 1924, ikarudi kazini 1927. Ingalikatwa vipande, leo tungeonyeshwa nini?

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 hulinda hasa vitu vya kabla ya 1863. Mashine zetu ni changa mno, zahitaji mtetezi. Basi wakuu wa bandari na migodi watenge walau winchi moja na pampu moja, waziezekee paa. Rangi tutapaka sisi wakati wa likizo, brashi tunazo.