MAKABURI YA WAKUBWA WETU



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya malezi, ndoa na haki za jirani. Mwezi huu twapenda kuzungumza juu ya kaburi, tena kaburi la mtu mwenye cheo. Kwani katika mkoa wa Ruvuma, tangu milima ya Mbinga mpaka mwambao wa Ziwa Nyasa, mazishi ya mbunge au diwani ni jambo kubwa, na vijana wetu wamo ndani yake. Wao ndio wachimbao, ndio wapokeao wageni, ndio wabebao saruji. Yafaa wajue sheria yao yasemaje kabla hawajaombwa mchango.

Tuanze na msiba uliojulikana na kila mtu. Kapteni John Komba, aliyekuwa Mbunge wa Mbinga Magharibi tangu 2005, na ambaye nyimbo zake za maombolezo zilisikika nchi nzima Mwalimu Nyerere alipofariki mwaka 1999, alifariki Dar es Salaam tarehe 28 Februari, 2015. Aliagwa katika viwanja vya Karimjee, kisha maiti yake ikachukuliwa mpaka kijijini kwao Lituhi, kando ya ziwa, akazikwa huko tarehe 3 Machi. Marehemu alikuwa Mkristo, na watu wake walimzika kwa desturi yao. Hilo si letu kulihukumu. Letu ni swali la Waislamu wa mwambao ule, ambao ni wachache kati ya majirani wengi wasio wa dini yao: jirani wa namna hii akifa, twende au tukae nyumbani?

Twende. Mtume wetu (S.A.W.) alisimama jeneza la Yahudi lilipopita, na alipoambiwa kuwa ni la Yahudi, aliwauliza wenziwe kama huyo naye hakuwa nafsi. Na Sayyidna Ali, alipofiwa na baba yake Abu Talib, aliamrishwa na Mtume aende akamzike. Basi Mwislamu wa Lituhi, wa Liuli au wa Mbamba Bay akienda kuwapa pole wafiwa, akateka maji, akapasua kuni, akashika jembe kaburini, hakuvunja dini yake hata kidogo. Asichoruhusiwa ni kushiriki ibada isiyo yake, na hapo ajitenge kwa adabu, si kwa kukunja uso. Tena asimtaje marehemu kwa ubaya kwa sababu ya siasa za chama, Bibi Aisha (R.A.) amepokea kwamba Mtume alikataza kuwatukana wafu.

Sasa tuje kwetu wenyewe. Mwislamu mwenye cheo akifia mbali, je, asafirishwe mpaka kijijini kwao? Kutoka Dar es Salaam mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 900, na ziwa bado liko mbele. Madhehebu yetu ya Kishafii ni makali katika jambo hili. Imamu Nawawi ameeleza katika Minhaj kwamba kumhamisha maiti kumpeleka mji mwingine ni haramu, na kauli nyingine yasema ni makuruhu, isipokuwa aliyefia karibu na Makka, Madina au Baytul-Maqdis. Mashahidi wa Uhud, ambao jamaa zao walikwisha kuwabeba kwenda nao mjini, waliamrishwa warudishwe wakazikwe pale pale walipoanguka. Wako wanazuoni wa madhehebu mengine waliolegeza, kwa sharti maiti asiharibike wala heshima yake isivunjwe. Na kwa kauli hiyo mtu aweza kuyatazama mazishi ya Maalim Seif Sharif Hamad, aliyefariki Muhimbili tarehe 17 Februari, 2021 na kuzikwa Mtambwe, Pemba, siku ya pili yake. Lakini kumweka maiti siku nne au tano akingojea wakubwa wapate nafasi ya kuhudhuria, hatujui mwanachuoni aliyelisifu.

Tunao mfano mzuri kutoka mkoa huo huo. Mzee Rashidi Mfaume Kawawa alizaliwa Matimira, Songea, akapanda mpaka akawa Waziri Mkuu. Alifariki Dar es Salaam tarehe 31 Desemba, 2009, na tarehe 2 Januari, 2010 alizikwa Madale, nje kidogo ya mji ule ule. Hatukusikia kwamba Wangoni walimpenda chini ya hapo kwa sababu kaburi lake haliko kwao. Na Oscar Kambona, mtoto wa kasisi wa Kianglikana, aliyezaliwa mwaka 1928 katika kijiji cha Kwambe karibu na Mbamba Bay, alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, akaikimbia nchi mwaka 1967, akarudi 1992, na mauti yakamkuta London mwaka 1997. Sura ya Luqman imekwisha kutufundisha kwamba hakuna nafsi ijuayo itafia nchi gani.

Jambo la tatu ni jengo. Siku hizi kaburi la mtu mkubwa huwekewa zege, marumaru, nguzo na paa, na pengine picha yake. Imamu Muslim amepokea kwa Jabir kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza kaburi kupakwa chokaa, kukaliwa na kujengewa. Mafakihi wetu wamepambanua hivi: katika makaburi ya watu wote, kujenga ni haramu na jengo huvunjwa, kwa kuwa lawabana wengine, katika shamba la mtu mwenyewe ni makuruhu. Kaburi liinuliwe kadiri ya shibiri moja lipate kujulikana, na jiwe liwekwe kichwani, kama Mtume alivyoliweka yeye mwenyewe juu ya kaburi la Uthman bin Madh'un. Fedha ya marumaru ilipe kwanza deni la marehemu. Wanasiasa wengi hufa na madeni, hasa baada ya uchaguzi, na hilo watoto wao walijua kuliko sisi.

Wako wengine katika mkoa huu ambao hawakuchagua kaburi wala jiwe. Tarehe 27 Februari, 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji wa Vita vya Majimaji, na Makumbusho ya Majimaji yawakumbuka mashujaa 67. Wengi walifukiwa pamoja katika shimo moja. Nduna Songea Mbano ana kaburi lake peke yake, na jamaa zake wasema kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea tarehe 1 Novemba, 2023, akakutana na wajukuu wa nduna huyo, akaomba radhi na kuahidi kusaidia kukitafuta. Katika dini yetu kuvunja mfupa wa maiti ni kama kuuvunja mfupa wa aliye hai. Basi Waislamu wa Ruvuma wana kila sababu ya kusimama na jamaa hao katika madai yao, bila kuuliza marehemu alikuwa wa dini gani.

Limebaki jambo la ardhi. Wengi huzika uani au shambani, wakidhani hapo ndipo salama. Lakini Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969 yaruhusu kaburi kufukuliwa ardhi ikitakiwa kwa manufaa ya umma, na katika upande huu ardhi yatakiwa sana: makaa ya mawe ya Ngaka wilayani Mbinga, barabara ya lami iteremkayo ziwani, na bandari ya Mbamba Bay. Kwa hiyo twawashauri wazee wa misikiti ya Mbinga na Nyasa waende kwa halmashauri ya kijiji, waombe eneo la makaburi ya Waislamu litengwe katika ardhi ya jumuiya chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, liandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi, na mipaka yake ipandwe miti. Muhtasari wa kikao uwekwe nakala mbili, moja ofisini na moja msikitini. Na diwani wa Kiislamu akiwamo katika kikao hicho, aombe naye azikwe humo, safu moja na wapiga kura wake.

Wabillahi tawfiq.