Mdogo Wako Atakaa Wapi Siku ya Harusi Yako?



Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa mwari mmoja ambaye harusi yake ni Mfungo Tatu, inshaallah. Alianza na maswali tuliyoyazoea: hina ipakwe siku ngapi kabla, sare za mashoga ziwe rangi gani. Mwisho kabisa akaandika kuwa ana mdogo wake wa kike wa miaka 14 mwenye ulemavu wa akili. Mama yao ameshapanga kuwa siku ya harusi mtoto apelekwe shamba kwa shangazi, asije akapiga kelele ukumbini mbele ya wakwe. Akaniuliza, "Dada, ni sawa?"

Sikumjibu siku ile. Nilishindwa kwa sababu na mimi nilifanya hivyohivyo.

Dada yangu mkubwa ana mwili wa mtu mzima na akili ya mtoto mdogo. Siku ya posa yangu alifichwa nyumba ya pili. Siku ya harusi alipelekwa kwa jamaa, akarudishwa siku ya tatu, akakuta makombo ya biriani. Akaniuliza, "Keki yangu iko wapi?" Albamu yangu ina picha zaidi ya mia mbili, na yeye hayumo hata moja. Hakuna aliyemchukia. Wote tulidhani tunalinda heshima ya nyumba.

Baada ya harusi nilimfuata mume wangu Katesh, makao makuu ya Wilaya ya Hanang, mkoani Manyara, alikopangiwa kazi. Mtoto wa pwani mimi nikakaa miaka mitatu chini ya mlima wenye zaidi ya mita 3,400, nikijifunza kuvaa masweta mawili. Ile ni nchi ya wakimbiaji. Katesh ndiko alikozaliwa Gidamis Shahanga, aliyeshinda mbio za marathoni katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978. Wilaya jirani ya Mbulu ndiyo iliyomtoa John Stephen Akhwari. Asubuhi nilikuwa nikiwaona watoto wanakimbia kwenda shule kwenye baridi kali, mimi nimeshikilia kikombe cha chai kwa mikono miwili.

Jirani yetu mmoja alikuwa na binti mwenye ulemavu wa akili. Mbio alikuwa nazo! Mbuzi akikata kamba, yeye ndiye anayetumwa, na kabla hujamaliza kupepeta mchele wako ameshamrudisha. Lakini siku washenga walipokuja kumposa dada yake, nilimsikia mama yake akimwambia aende nyuma zizini, asitoke mpaka aitwe. Nikajua basi kwamba si Unguja peke yake. Hata huko ambako mtoto akikimbia vizuri wazee wanasimama kumtazama, yule aliyefichwa hakuna anayemwona akikimbia.

Wengi mnaijua habari ya Akhwari. Tarehe 20 Oktoba 1968, katika Olimpiki ya Mexico, alianguka katikati ya mbio za marathoni akaumia goti na bega. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alimaliza kwa saa 2 na dakika 20. Akhwari aliingia uwanjani zaidi ya saa nzima baadaye, giza limeshaingia, mguu umefungwa bendeji, anachechemea. Alikuwa wa mwisho kati ya 57 waliomaliza, na leo anakumbukwa kuliko wengi waliomtangulia. Anakumbukwa kwa sababu alionekana. Hakuna aliyemwambia apite mlango wa nyuma kwa kuwa anachechemea.

Mwaka huohuo, miezi mitatu kabla yake, kulikuwa na michezo mingine Chicago, Marekani. Julai 1968 Eunice Kennedy Shriver alifungua michezo ya kwanza ya Special Olympics, ya watu wenye ulemavu wa akili. Alikuwa na dada yake, Rosemary, mwenye ulemavu wa akili. Familia yao ilikuwa tajiri na mashuhuri, na kaka yao John akawa Rais wa nchi. Hata hivyo Rosemary aliwekwa mbali na macho ya watu kwa miaka mingi. Kwa hiyo jambo hili halina pesa wala usomi. Wenye kasri hufanya kama wenye kibanda.

Leo Tanzania nayo hupeleka vijana wake kwenye michezo hiyo ya dunia. Machi 2019 ilifanyika Abu Dhabi, mara ya kwanza Mashariki ya Kati, wakakusanyika wanamichezo zaidi ya 7,000. Juni 2023 ikawa zamu ya Berlin, Ujerumani. Kuanzia miaka minane mtoto anaruhusiwa kushindana. Wanapangwa kwa makundi ya umri, jinsia na uwezo, ili kila mmoja apambane na wanaolingana naye. Anayekuja nyuma ya watatu wa kwanza naye hupanda jukwaani kupewa utepe wake. Ipo pia michezo ambayo mwenye ulemavu na asiye nao huchezea timu moja. Fikiria kijana wa Kitanzania, amevaa nguo zenye rangi za bendera, anapita mbele ya uwanja uliojaa watu wanaompigia makofi. Sasa fikiria nyumbani kwao, siku ya harusi ya dada yake, alikuwa wapi.

Hapo ndipo neno langu lilipo. Tunasema serikali haiwajali, hakuna viwanja, hakuna walimu wa kutosha. Ni kweli mengi yanapungua. Lakini hakuna mwalimu anayeweza kumchagua mtoto asiyemjua. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ina michezo ya wanafunzi wenye mahitaji maalumu, ila huwezi kuifikia ikiwa hukuandikishwa shule, na huandikishwi shule ikiwa majirani hawajui kuwa upo. Timu ya taifa inaanza mlangoni mwa nyumba, na mlango huo, mara nyingi, ufunguo wake tunao sisi wanawake.

Najua hofu ya mama. Anaogopa wachumba watakimbia, watasema ugonjwa uko kwenye damu. Anaogopa pia watu watamcheka mtoto wake, na hofu hiyo imetoka kwenye mapenzi, tusimhukumu. Lakini mwanamme anayeikimbia posa kwa sababu ya mdogo wako, ni bora akimbie kabla ya mahari kuliko baada ya mtoto wa tatu. Na wakwe wataingia nyumba hiyo maisha yao yote. Utamficha mpaka lini?

Sisi Waislamu hatuna udhuru. Abdullah bin Umm Maktum (r.a.) alikuwa kipofu, na mwanzo wa Surat Abasa uliteremka kwa ajili yake, pale alipogeuziwa uso kwa kuwa kulikuwa na wakubwa wa kuzungumza nao. Baadaye Mtume (s.a.w.) alimfanya mwadhini na akamwachia Madina aisimamie alipotoka safarini. Hakufichwa wageni wakubwa wasimwone. Alipewa kazi ambayo mji mzima ulimsikia.

Kwa hiyo mwari wangu, jibu langu ni hili. Kaa na mama kwa upole, usimwaibishe. Mwambie mdogo wako ashonewe sare ileile ya familia, ajaribishwe mapema asije akawashwa na kitambaa siku yenyewe. Mchague binamu mmoja anayempenda awe naye tangu mwanzo hadi mwisho. Tafuta kiti karibu na mlango, mbali na maspika, na chumba cha kupumzika akichoka. Waambie wakwe mapema, kwa kauli ya kawaida, kama unavyowatajia ndugu zako wengine. Akipiga kelele, vigelegele vitaimeza. Na keki mkatie yeye mapema.

Harusi ikishapita, kabla hujahamia kwako, nenda naye shule iliyo karibu yenye kitengo cha elimu maalumu. Muulize mwalimu kuhusu michezo. Pengine hatafika Abu Dhabi wala Berlin, na hiyo si hoja. Ataingia uwanjani na watu watamjua jina lake.

Mimi nilichelewa. Mwaka jana, kwenye harusi ya binti wa mjomba, dada yangu alikaa safu ya mbele akiwa na hina mpaka viwikoni. Alicheka kwa sauti wakati wa maulidi, watu wakageuka, kisha wakaendelea. Hakuna lililoharibika. Nilimwomba mpiga picha atupige sisi wawili, na picha ile nimeibandika ukurasa wa kwanza wa albamu yangu ya zamani.

Mwenyezi Mungu atujaalie nyumba zisizofungia mtu nje wala ndani. Amin.