Ziwa Likifungwa, Chungu Kisifungwe

Kila mwaka, tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, Serikali ya Zambia husimamisha uvuvi katika sehemu kubwa ya maziwa na mito yake, Ziwa Mweru likiwamo, ili samaki wapate kuzaliana. Hiyo ni amri ya busara. Historia ya mpumbu yatosha kuwa fundisho: samaki huyo, aliyekuwa fahari ya Mto Luapula, alivuliwa kwa wingi alipokuwa akipanda mto kwenda kutaga, hata akaadimika katikati ya karne iliyopita.

Lakini amri hiyo ina upande wa pili, nao ni wa jikoni. Duniani wako watu wengi walioacha nyama na samaki kwa hiari yao, wengine kwa ajili ya dini, wengine kwa ajili ya siha. Huko Nchelenge na Kashikishi, wananchi wengi wasio na akiba ya samaki wakavu hugeuzwa kuwa wala mboga na kalenda. Kwa hiyo, swali la namna ya kula mboga ipasavyo si anasa ya wenye nafasi. Linahusu sahani ya mtoto katika mwezi wa Januari.

Je, mwanadamu aweza kuishi vyema bila kitoweo cha nyama wala samaki? Hapana shaka aweza. Tunao majirani wa Kihindu na wa Kijaini katika miji ya Mombasa na Dar es Salaam, ambao hawakugusa nyama kizazi baada ya kizazi. Tukitazama sahani zao tutaona dengu, choroko, maziwa na mtindi. Walipoiondoa nyama waliweka kitu kingine mahali pake. Hiyo ndiyo siri yote ya jambo hili.

Kando ya Mweru chakula kikuu ni ugali wa muhogo. Muhogo ni mkombozi wakati wa njaa, lakini katika gramu 100 za unga wake hakuna protini zaidi ya gramu 2 hivi. Maharage makavu ya uzito huo huo yana kadiri ya gramu 22, na karanga kadiri ya gramu 25. Samaki anapotoweka, na pengo lake likajazwa kwa ugali mwingi zaidi, tumbo hushiba lakini mwili hubaki na njaa. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Tena kuna hatari kubwa zaidi. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, ambayo huondolewa kwa kuuloweka siku kadhaa na kuuanika vizuri juani. Njaa ikibisha hodi, watu hufupisha kazi hiyo. Na masika nayo huficha jua. Mwili huhitaji protini ili kuishinda sumu hiyo. Anayekula muhogo usioiva kwa maji, bila kitoweo cha maana, kwa majuma mengi, aweza kupatwa na konzo, maradhi yanayopoozesha miguu ghafla na yasiyopona. Wakati wa ukame wa mwaka 1981, watu zaidi ya 1,000 walipatwa nayo katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Mwaka 1985 yalizuka Tarime, hapa hapa Tanzania.

Dawa ya kinga haiko mbali. Kisamvu kikitwangwa, kikachemshwa sana na kuungwa kwa karanga, ni kitoweo kamili. Wenyeji wa Luapula hupika majani kwa karanga tangu zamani, na chakula hicho hukiita ifisashi. Majani ya maboga na ya viazi hustawi katika miezi hiyo hiyo ya mvua, na embe huusaidia mwili kunyonya madini ya chuma yaliyomo katika mboga.

Hata hivyo, chakula kinachomfaa mmoja hakimtoshi mwingine. Mvuvi mwenye afya huweza kustahimili miezi 3 bila samaki, kwa kuwa ini lake huhifadhi vitamini B12, isiyopatikana katika mimea, kwa muda mrefu. Mama mjamzito na mtoto aliyeachishwa ziwa wapewe yai, maziwa, au dagaa wakavu waliowekwa akiba. Tumbo la mtoto ni dogo. Uji wake utiwe karanga zilizosagwa.

Basi, tangazo la kufunga ziwa lisitoke peke yake. Litanguliwe na bwana shamba na mhudumu wa zahanati, wakiwahimiza wananchi kuweka ghalani maharage na karanga za mavuno kabla ya Desemba. Nasi Watanzania jambo hili si la jirani tu. Ziwa Tanganyika lilifungwa kwetu tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka 2024, na akina mama wa Kigoma walikabiliwa na swali lile lile. Mwaka 1975 taifa hili liliendesha kampeni ya Chakula ni Uhai. Kauli hiyo haijachakaa. Anayelinda samaki ziwani anawalinda watoto wa kesho. Watoto wa leo nao wana haki ya kulindwa kwa kunde na maharage.